Nyambizi: Kutoka Pwani ya Ayalandi hata Bahari Yetu



Mwanafunzi mmoja katika chuo cha ualimu alituuliza swali ambalo hatujalisahau. Tulikuwa tukisomesha habari za vita kuu mbili, naye akasimama kwa adabu akasema, "Mwalimu, sisi watu wa Mpepai ni watu wa milimani. Tunalima ngoro zetu na kahawa yetu. Bahari ni mbali, na nchi ya Ayalandi ni mbali zaidi. Je, vita vya merikebu zizamazo vyatuhusu nini?"

Wenzake walicheka, lakini sisi hatukucheka, maana swali lilikuwa jema. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tukamwahidi jibu, na jibu hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Tuanze karibu na nyumbani. Ukishuka kutoka milima ya Umatengo wafika pwani ya Ziwa Nyasa, na kaskazini ya Mbamba Bay ni Liuli. Zamani za Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, mahali pale paliitwa Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe kubwa linalofanana na sanamu ya kale ya Misri. Wadachi walikuwa na meli yao ziwani, jina lake Hermann von Wissmann. Waingereza wa ng'ambo walikuwa na yao, jina lake Gwendolen. Manahodha wa meli hizi mbili walikuwa wakijuana, tena kwa urafiki. Mwezi wa Agosti 1914 Gwendolen ilikuja Liuli, ikaikuta meli ya Wadachi imepandishwa nchi kavu kwa kutengenezwa, ikaipiga mzinga. Nahodha wa Kidachi alikasirika mno, kwa kuwa hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Ndipo alipoambiwa, akatwaliwa mateka.

Basi, vita vya merikebu vilifika ziwani kwetu katika siku za kwanza kabisa za vita vile, hata kabla watu wengi wa Ulaya hawajasikia mlio wa mzinga. Mwisho wa mwezi wa Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli tena, wakashusha askari ili kuiharibu meli ile isifae kazi. Na katika mwezi huo huo wa Mei, mbali sana na Liuli, karibu na pwani ya kusini ya Ayalandi, jambo jingine lilitokea lililoushtua ulimwengu. Ndilo linalotuingiza katika habari yetu.

Kwanza, yatupasa kujua nyambizi ni chombo gani. Wavuvi wa ziwani wamjua mamba. Alalapo juu ya maji aonekana kama gogo. Lakini atakapo kuwinda hujizamisha, yakabaki macho na pua tu, wala mnyama ajaye kunywa maji hana habari. Nyambizi ndivyo ilivyo. Ni merikebu ya chuma iliyofungwa pande zote mfano wa pipa refu, nayo ina matangi. Matangi yakijazwa maji ya bahari, chombo huwa kizito, kikazama. Maji yakisukumwa nje kwa hewa, chombo huwa chepesi, kikaelea. Kinapokuwa chini kidogo, nahodha hutazama nje kwa bomba refu lenye vioo, lichunguliao juu ya maji kama pua ya mamba yule. Na silaha yake kubwa ni topido, yaani kombora lenye injini yake lenyewe, liendalo chini ya maji hata lipige ubavu wa merikebu.

Lakini nyambizi za zama zile zilikuwa na udhaifu mmoja, na udhaifu huo ndio ufunguo wa habari yote. Juu ya maji ziliendeshwa kwa injini za mafuta, nazo injini hizo zahitaji hewa. Chini ya maji ziliendeshwa kwa umeme wa betri, na betri huisha. Tena mwendo wao chini ya maji ulikuwa wa polepole, hata merikebu ya kawaida iliweza kuziacha nyuma. Kwa hiyo ilizibidi kupanda juu mara kwa mara, ili kuvuta hewa na kujaza betri. Awezaye kuizuia nyambizi isipande juu amekwisha kuishinda nusu.

Sasa twende Ayalandi. Nchi hiyo ni kisiwa, magharibi ya Uingereza. Merikebu zitokazo Marekani zikiwa na chakula, mafuta na silaha za Waingereza, hupita kaskazini yake au kusini yake. Kama vile mwindaji asivyozunguka pori zima bali hujificha penye njia ya kwenda kisimani, vivyo hivyo nyambizi za Wadachi zilikwenda kuvizia karibu na pwani za Ayalandi. Mwezi wa Februari 1915 serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba bahari yote izungukayo Uingereza na Ayalandi ni uwanja wa vita, na ya kuwa merikebu za adui zitakazoonekana humo zitazamishwa.

Tarehe 7 Mei 1915 merikebu kubwa ya abiria iitwayo Lusitania ilikuwa ikitoka New York kwenda Liverpool. Ndani yake walikuwamo watu karibu 2,000. Karibu na rasi ya Kinsale, nyambizi ya Wadachi, U-20, iliipiga topido moja. Lusitania ikazama kwa dakika 18, wakafa watu karibu 1,200, wanaume na wanawake na watoto. Wengi wa waliookotwa maiti walizikwa katika mji wa Queenstown, ambao leo waitwa Cobh, na makaburi yao yapo hata sasa. Twaomba mlikumbuke neno hilo la makaburi, maana tutalirudia.

Miaka miwili baadaye hatari ilizidi. Mwezi wa Aprili 1917 peke yake nyambizi zilizamisha merikebu zenye jumla ya tani zaidi ya 800,000, na wakuu wa Uingereza wakaanza kuogopa kwamba nchi yao itakosa chakula. Ndipo walipokubali shauri ambalo kwa muda mrefu walilikataa: merikebu zisiende moja moja, bali ziende kwa msafara, zikizungukwa na manowari za kuzilinda. Watu wa nchi yetu walilijua shauri hilo tangu zamani. Wapagazi waliotoka bara kwenda Kilwa hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kwa safari, wenye bunduki mbele na nyuma. Baharini nako shauri likafaa. Nyambizi ilikuta bahari tupu siku nyingi, na ilipoyaona mawindo iliwaona walinzi pia. Hasara ikapungua.

Hata hivyo, msafara si dawa bila walinzi wa kutosha. Jambo hili lilifunzwa mara ya pili, katika bahari ile ile, katika vita vya pili. Vilipotangazwa tarehe 3 Septemba 1939, siku hiyo hiyo merikebu ya abiria iitwayo Athenia ilizamishwa na nyambizi kaskazini-magharibi ya Ayalandi. Mwaka uliofuata Ufaransa ikashindwa, na Wadachi wakapata bandari za Brest na Lorient, zilizo karibu zaidi na njia za Bahari ya Atlantiki. Ayalandi ya kusini haikuingia vitani, na bandari zake hazikuweza kutumiwa na Waingereza. Misafara ikabidi kupita upande wa kaskazini tu. Mwezi wa Oktoba 1940 msafara mmoja wa merikebu 35 ulitoka Kanada, na kwa sehemu kubwa ya safari ulilindwa na manowari moja tu. Ulipokaribia Ayalandi nyambizi zikaukusanyikia usiku kama fisi, zikazamisha merikebu 20.

Haya ndiyo mafundisho mawili ya pwani ya Ayalandi: merikebu isiende peke yake, na msafara usikose walinzi. Yalinunuliwa kwa roho za maelfu ya watu. Sasa na tutazame jinsi yalivyofuatwa katika bahari yetu wenyewe.

Mwanzoni mwa 1942 Wajapani waliingia Bahari ya Hindi kwa nguvu. Mwezi wa Aprili ndege zao zilipiga Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Jeshi la majini la Waingereza likarudi nyuma, na makao yake makuu yakahamishiwa Kilindini, Mombasa. Bandari ile ikajaa manowari. Shule ya Allidina Visram, iliyo kando ya bahari, ilitwaliwa ikafanywa mahali pa kazi ya siri: humo wataalamu walikaa usiku na mchana wakifumbua maandishi ya mafumbo ya Wajapani yaliyonaswa hewani kwa simu ya upepo. Sisi walimu hupenda habari hii, kwamba vyumba vya madarasa ya Mombasa vilipigana vita bila kufyatua risasi.

Mwisho wa Mei 1942 nyambizi ndogo sana za Wajapani ziliingia bandari ya Diego Suarez katika Madagaska, zikaharibu manowari kubwa iitwayo Ramillies na kuzamisha merikebu ya mafuta. Kisha nyambizi kubwa zilizozileta zikageukia Mlango wa Msumbiji, na katika mwezi wa Juni na mwanzo wa Julai zikazamisha merikebu zaidi ya 20. Nyingi zilikuwa zikienda peke yake. Walinzi hawakuwapo, kwa kuwa manowari zote zilizoweza kupatikana zilitakiwa Atlantiki, kwenye njia zile zile za Ayalandi. Kwanza hupewa maji mgonjwa aliye taabani, na mwingine hungoja. Bahari yetu ndiyo iliyongoja.

Mwisho wa mwaka huo zikaja nyambizi za Wadachi wenyewe. Zilikuwa za namna mpya, zenye matangi makubwa ya mafuta, zikaweza kutoka Ulaya, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kuingia Bahari ya Hindi. Katika juma moja la Novemba 1942 mambo mawili ya huzuni yalitokea. Tarehe 23 Novemba merikebu Tilawa, iliyotoka Bombay kuja Mombasa na kuendelea mpaka Durban, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Ilikuwa peke yake. Wengi wa abiria wake walikuwa Wahindi, baadhi yao wenye jamaa na maduka katika miji ya Afrika. Wakafa watu 280. Siku tano baadaye, tarehe 28 Novemba, nyambizi ya Wadachi U-177 iliizamisha merikebu Nova Scotia karibu na pwani ya Natal. Hiyo pia ilikuwa peke yake. Nahodha wa nyambizi alidhani amewapiga adui zake. Kumbe waliokuwamo wengi walikuwa Waitalia waliotekwa katika Eritrea, yaani rafiki za Wadachi. Wakafa watu zaidi ya 850. Nahodha alipojua kosa lake aliomba shauri kwa simu ya upepo, akaambiwa aendelee na vita. Waliosalia waliokolewa na merikebu ya Wareno iliyotoka Msumbiji.

Wasikilizaji, angalieni namna ya silaha hii. Mwenye mkuki humwona usoni yule ampigaye. Mwenye nyambizi huona kivuli cha merikebu tu katika kioo, wala hajui ni nani waliolala ndani.

Mwezi wa Mei 1943 mambo yaligeuka katika Atlantiki. Waingereza na Wamarekani na Wakanada walikuwa wamepata manowari nyingi za ulinzi, na ndege ziendazo mbali, na vyombo viwezavyo kuona nyambizi usiku. Mwezi huo Wadachi walipoteza nyambizi 41, na amiri wao, Dönitz, akaziondoa zile zilizobaki katika njia za kaskazini. Nazo zikaenda wapi? Fisi aliyefukuzwa katika zizi lenye mbwa hutafuta zizi lisilo na mbwa. Kundi moja lilitumwa Bahari ya Hindi, likapewa jina la pepo za msimu, zile tuzijuazo za kusi na kaskazi. Nyingi zilizamishwa njiani. Nyambizi 5 tu za kundi lile la kwanza ndizo zilizofika. Wajapani waliwapa Wadachi nafasi katika bandari ya Penang huko Malaya, na toka hapo mataifa hayo mawili yalivizia bahari yetu pamoja.

Mambo ya ajabu yalionekana siku zile. Nyambizi U-177 ilikuwa na mashine ndogo mfano wa tiara, yenye mapanga yazungukayo. Mtu mmoja alipanda juu yake, akavutwa kwa kamba nyuma ya nyambizi, akaelea angani ili atazame mbali. Kwa njia hiyo waliiona merikebu moja ya Wagiriki mashariki ya Madagaska, mwezi wa Agosti 1943, wakaizamisha. Katika Ghuba ya Omani nyambizi U-533 ilipigwa na ndege tarehe 16 Oktoba 1943, na katika watu wake wote akapona mmoja tu, aliyeogelea hata akafika pwani ya Khor Fakkan. Mwanzo wa 1944 nyambizi U-188 ilizamisha merikebu saba kuelekea Ghuba ya Aden, na hata majahazi hayakusalimika. Na mwezi wa Agosti 1944 U-862 ilizamisha merikebu nne katika Mlango wa Msumbiji kwa muda wa juma moja tu.

Sasa tumefika mahali penye uzito wa habari yetu.

Mwanzo wa Februari 1944 msafara wa merikebu tano za kuchukua watu uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, iliyopewa jina la mtawala wa zamani wa Misri. Ilikuwa merikebu ya tani zipatazo 7,500, iliyojengwa katika Scotland mwaka 1922. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, nambari 301. Yaani vijana wa nchi zetu pamoja na maofisa wao. Wengine walikuwa mabaharia, na wanawake wauguzi na watumishi wa majeshi. Vijana wale walikuwa wakienda kujiunga na wenzao waliotangulia Ceylon, ili wapelekwe Burma kupigana na Wajapani. Wengi wao walikuwa hawajapata kuiona bahari kabla ya siku ile walipopanda Kilindini.

Msafara ulikuwapo, fundisho la kwanza lilifuatwa. Lakini walinzi walikuwa wangapi? Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, msafara ulipokuwa karibu na visiwa vya Maldivi, walikuwa watatu: manowari moja kubwa ya zamani, Hawkins, na manowari mbili za mbio, Petard na Paladin. Upande wa nyuma palibaki wazi. Fundisho la pili lilikuwa bado halijatimizwa katika bahari yetu.

Yapata saa nane u nusu mchana nyambizi ya Wajapani, I-27, iliingia karibu na msafara ikafyatua topido. Mbili ziliipiga Khedive Ismail. Lusitania ilichukua dakika 18 kuzama. Khedive Ismail ilichukua dakika zipatazo mbili. Mtu hawezi hata kufunga kamba za viatu vyake akapanda ngazi kwa muda huo. Waliokuwa vyumbani chini hawakupata njia. Merikebu nyingine zikakimbia mbele, kama sheria ya msafara ilivyoamuru, kwa kuwa merikebu isimamayo ni windo la pili. Petard na Paladin zikarudi.

Juu ya maji walikuwamo watu mia kadha, wameshika mbao na maboya, wakingoja kuokolewa. Na chini ya watu hao, ndani ya maji yale yale, ilijificha nyambizi.

Hapa, wasikilizaji, twaomba kila mmoja ajiweke mahali pa nahodha wa manowari. Silaha ya kuipigia nyambizi iliyozama ilikuwa mapipa ya baruti yapasukayo chini ya maji. Yakipasuka karibu na mtu aogeleaye humwua. Nahodha akiyatupa, atawaua watu wa upande wake mwenyewe, wanaomnyoshea mikono. Asipoyatupa, nyambizi itaokoka, nayo yaweza kuizamisha manowari isimamayo kuokoa, na kesho yaweza kuifuata merikebu nyingine iliyojaa watu. Paladin ikashusha mashua kuokoa, na mapipa yakatupwa. Baadhi ya wale walioponyoka katika merikebu waliuawa na baruti za walinzi wao.

Nyambizi ikalazimika kupanda juu. Paladin ikaikimbilia ili kuigonga, lakini ubavu wake ukapasuliwa na chuma cha nyambizi, ikaingia maji, ikabidi kusimama. Mizinga ya Petard haikuweza kuipasua ngozi nene ya adui. Mwishowe Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoivunja I-27, ikazama pamoja na watu wake. Petard hiyo ndiyo iliyokwisha kuzishinda nyambizi ya Wadachi na ya Waitalia katika Bahari ya Mediterania, ikawa imezishinda nyambizi za mataifa yote matatu ya adui. Hiyo huhesabiwa kuwa sifa kubwa. Lakini twadhani hakuna baharia wa Petard aliyeisahau hesabu ya pili ya siku ile.

Nayo ni hii: katika watu 1,511 walipona 214, yaani wanaume 208 na wanawake 6. Wakafa 1,297. Katika wanawake waliokuwamo walikufa 77. Ni mojawapo ya misiba mikubwa kupita yote iliyozipata merikebu za Waingereza katika vita vile, na wengi wa waliokufa walikuwa watoto wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, ukimwuliza mtu aliyesoma, jina la Lusitania atalijua. Jina la Khedive Ismail atakuuliza ni nini.

Kwa nini imekuwa hivyo? Sisi twaona sababu tatu. Ya kwanza, wakati wa vita habari za merikebu zilizozama hufichwa, ili adui asijue alichokifanya. Na neno lililofichwa mwanzo huwa gumu kutangazwa baadaye. Ya pili, Lusitania ilizama karibu na nchi kavu, watu wa Queenstown wakaona maiti kwa macho, wakazika, wakaandika. Khedive Ismail ilizama katika bahari kuu, wala hapana kaburi la kulizungukia. Ya tatu nayo yatugusa sisi wenyewe: hatukuandika. Wazazi wa vijana wale wengi hawakujua kusoma. Kijana aliaga, akaenda, hakurudi. Nyumbani palisemwa, "Alikwenda vitani, akapotelea huko." Hata hilo "huko" halikuwa na jina.

Lakini si kweli kwamba hawana alama yoyote. Katika makaburi ya vita mjini Nairobi pamejengwa ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi, na waliopotea pamoja na Khedive Ismail wanakumbukwa hapo. Mtu apitaye Nairobi aweza kwenda kusoma majina. Majina yamechongwa, wasomaji ndio wachache.

Mwisho wa nyambizi za Wadachi nao wastahili kutajwa, kwa kuwa ulirudi pale pale habari ilipoanzia. Ujerumani iliposhindwa mwezi wa Mei 1945, nyambizi zake ziliamriwa kupanda juu na kujitoa. Nyingi zilikusanywa katika bandari za Scotland na Ayalandi ya Kaskazini. Toka Novemba 1945 hata Februari 1946 nyambizi 116 zilikokotwa hata nje ya pwani ya Ayalandi, zikazamishwa zote. Chini ya bahari ile, karibu na merikebu zilizoziua, zimelala wawindaji pamoja na mawindo.

Basi, tumjibu mwanafunzi wetu. Uliuliza, ndugu, vita vya merikebu zizamazo vyawahusu nini watu wa Mpepai. Maji ya bahari hayana mipaka. Nyambizi iliyofukuzwa Ayalandi ilikuja kwetu. Na manowari iliyowekwa kulinda Ayalandi haikuwapo kulinda Kilindini. Uamuzi uliofanywa London na Berlin ulimfikia kijana aliyetoka katika kijiji cha milimani, asiyejua kuogelea, akiwa katika chumba cha chini cha merikebu, saa nane u nusu mchana. Asemaye kwamba jambo fulani ni la mbali, na alitazame kwanza kama halijakwisha kupita mlangoni pake.

Tena tulimpa mwanafunzi yule kazi, nasi twawapa ninyi pia, hasa walimu wenzetu. Mwendapo likizo, ulizeni kwa adabu kwa wazee: "Je, katika ukoo wetu yuko aliyekwenda vita vya pili asirudi?" Akitajwa, andikeni jina lake, na jina la babaye, na kijiji chake, na kikosi chake kama kikijulikana. Daftari moja la shule latosha. Hatusemi ya kuwa kila asiyerudi alikuwa katika Khedive Ismail. Wengine walikufa Uhabeshi, na Madagaska, na Burma. Lakini jina lililoandikwa laweza kutafutwa, na jina lisiloandikwa hufa mara ya pili, siku afapo mzee wa mwisho alijuaye.

Mwanafunzi yule aliporudi kutoka likizo alituletea ukurasa mmoja. Palikuwa na jina moja tu, na chini yake maneno matatu: "Alikwenda, hajarudi." Hatukupata kujua alikokwenda. Lakini sasa limeandikwa.